Mjerumani wa Ukoo Wetu

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 38, tangu mwaka 1972 nilipotoka chuo cha ualimu hadi mwaka 2010 nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu. Katika miaka hiyo yote somo nililolipenda kuliko mengine ni historia. Kila mwaka niliwaambia watoto kwamba asiyejua alikotoka hawezi kujua aendako. Walimu wengi huyasema maneno hayo. Mimi niliyasema huku nikijua kwamba katika ukoo wangu mwenyewe palikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kuliuliza, wala sikupenda mtu mwingine aliulize.

Nitaanza na kisa kinachonitia haya kukiandika. Mwaka 1976 nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya milima ya Usambara. Somo la siku hiyo lilikuwa utawala wa Wajerumani. Nilikuwa nimeandika ubaoni miaka ambayo kila mtoto alitakiwa kuikariri: 1884, Carl Peters na mikataba yake ya hila, 1888, vita vya Abushiri bin Salim huko pwani, 1905, Maji Maji. Darasani alikuwamo mvulana mmoja mweupe kuliko wenzake, nywele zake zikielekea wekundu. Mwenzake akanyoosha kidole akasema, "Mwalimu, huyu babu yake ni Mjerumani!" Darasa zima likacheka. Mimi nami nikacheka, kisha nikaongeza la kwangu: "Basi leo yeye ndiye atakayetueleza kodi ya babu zetu ilikwenda wapi." Wakacheka zaidi. Mtoto yule akainamisha kichwa. Hakuja shuleni kwa juma zima, na aliporudi akahamia dawati la nyuma.

Ndugu msomaji, siku ile nilipokuwa nikicheka, bibi yangu mzaa mama alikuwa hai. Alikuwa na macho ya kijivu. Ngozi yake ilipigwa na jua la shambani mpaka ikawa na madoadoa mekundu mikononi. Mtu akiuliza, jibu la nyumbani lilikuwa moja tu: "Ana damu ya Kiarabu." Jibu hilo halikumsumbua mtu, maana toka Tanga hadi Pangani damu ya Kiarabu si ajabu. Lakini sisi wajukuu tulijua, kwa namna watoto wanavyojua mambo yasiyosemwa, kwamba baba yake bibi alikuwa Mjerumani wa shamba la kahawa. Bibi alifariki mwaka 1982. Mimi, mwalimu wa historia, sikuwahi kumwuliza hata swali moja.

Nilipostaafu nilinunua daftari kubwa nikakusudia kuandika habari za ukoo wetu. Upande wa baba ulinichukua miezi miwili tu. Upande wa mama ulinikwamisha katika jina la tatu. Pale palipotakiwa jina la baba yake bibi, nilikuwa na maneno mawili tu niliyoyasikia kwa wazee: Bwana Shamba. Hilo si jina, ni kazi.

Nilichokuwa nacho kingine ni mwaka. Bibi alisema daima kwamba alizaliwa njaa ilipokwisha. Njaa hiyo inajulikana. Kaskazini mashariki ya nchi yetu ilipata mapigo mfululizo katika miaka ile: sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, nzige katikati yake, kisha ukame na njaa kubwa ya mwaka 1898 hadi 1900. Kwa hiyo bibi alizaliwa mnamo mwaka 1900 au mara baada yake, na baba yake alikuwa mmoja wa Wajerumani waliopanda milima ya Usambara Mashariki katika muongo wa mwisho wa karne ya kumi na tisa.

Habari za watu hao zipo vitabuni. Serikali ya Ujerumani ilichukua utawala kutoka mikononi mwa kampuni ya akina Peters tarehe 1 Januari 1891, na mwaka huohuo kahawa ikaanza kupandwa Derema. Misitu ikafyekwa, mashamba mengine yakafuata. Reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896. Ulikuwa wakati wa hofu pia. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, na mwaka 1898 wakaanza kutoza kodi ya nyumba, katikati ya njaa ile niliyoitaja. Wenye mashamba walitaka vibarua, na kodi ilikuwa njia mojawapo ya kuwapata.

Mwaka 2012 nilifunga safari kwenda Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, ambako majalada ya wakati wa Wajerumani yamehifadhiwa. Sijui Kijerumani, na hata angekijua mtu, barua za wakati ule ziliandikwa kwa hati ya zamani ambayo Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuisoma. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya utafiti wake pale alinisaidia kwa siku tatu, Mungu ambariki. Tulikuta hesabu za miche ya kahawa. Tulikuta hesabu za vibarua, punda, majembe na magunia. Tulikuta wasimamizi wa Kizungu watatu waliofaa kwa miaka niliyokuwa nikiitafuta, na hapakuwa na neno la kunionyesha yupi ndiye. Wanawake walikuwamo pia, lakini kwa tarakimu tu: wanawake kadhaa, siku kadhaa za palizi. Nilirudi nyumbani na daftari lenye majina matatu ya kigeni, nikiwa sijui nikate mawili yapi.

Msaada ulikuja kwa njia ambayo sikuitarajia. Mwaka 2014 usharika wetu ulipata wageni kutoka usharika rafiki wa Ujerumani. Ulikuwa msimu wa kupanda mahindi, na mgeni mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, akaomba anifuate shambani. Mimi hupanda kama bibi alivyotufundisha: shimo moja, mbegu tatu, na kila mbegu inapoanguka mtu huhesabu, "Oinsi, zwoi, drai." Tangu utotoni niliyachukua maneno hayo kuwa mchezo tu, kama watoto wanavyohesabu wakichagua nani aanze. Mgeni wangu akasimama. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniambia kwamba huko ni kuhesabu moja, mbili, tatu kwa Kijerumani, lakini si Kijerumani cha shuleni. Shuleni wanasema "eins, zwei". Hivyo nilivyosema mimi ndivyo wasemavyo watu wa mashambani huko kusini magharibi, kwa Waschwabe wa Württemberg. "Nyanya yangu alihesabu hivyo," akasema, "alipokuwa akitia mayai kikapuni."

Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Nilikwenda Dar es Salaam kutafuta habari za mtu huyu katika majalada, kumbe alikuwa ameniachia sauti yake mdomoni. Wala haikuwa sauti ya bwana mkubwa. Ilikuwa sauti ya mtoto wa mkulima.

Kutoka hapo nilisoma kila nilichoweza kupata juu ya Württemberg. Huko mashambani desturi ilikuwa kugawa ardhi sawa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike. Ni desturi ya haki, lakini baada ya vizazi vichache shamba hubaki ukanda ambao jembe la ng'ombe haliwezi kugeuka ndani yake. Ukiongeza mavuno mabaya, kama ya mwaka 1816 na ya miaka ya 1840, unapata watu wanaofunga mizigo. Katika karne ile Wajerumani waliihama nchi yao kwa mamilioni. Kati ya mwaka 1880 na 1893 pekee waliondoka kiasi cha watu 1,800,000, na wengi mno walikwenda Marekani. Waliokuja kwetu walikuwa wachache sana. Hata mwaka 1913, utawala wao ukikaribia mwisho, Wazungu wote katika nchi hii walikuwa elfu tano na mia chache.

Naam, nilipoyasoma hayo nilimwona waziwazi. Kijana wa kijijini, mtoto wa nne au wa tano, amerithi ukanda wa ardhi usiotosha kulisha mbuzi. Anasikia kwamba Afrika wanatafutwa watu wanaojua kupanda. Anapanda meli. Mtu ambaye kwao hana lolote anateremka Tanga akiwa bwana. Nakiri kwamba nilianza kumhurumia, na zaidi ya kumhurumia, nilianza kumpenda. Nilitazama mashamba yetu ya Usambara, jinsi nasi tulivyoyagawa mpaka vijana wetu wanakimbilia mijini, nikasema moyoni: mtu huyu ni ndugu yetu, alifukuzwa kwao na jambo lilelile linalowafukuza wana wetu. Nilikuwa tayari kuandika sura nzuri kumhusu. Kichwa chake nilikuwa nimeshakiandika.

Kabla ya kuiandika nilikwenda kumwona mama mkubwa, dada wa mama yangu. Mwaka huo wa 2016 alikuwa na umri wa miaka 90, macho yamefifia lakini akili timamu. Nilimkuta uani akichambua maharage kwa kupapasa.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuja na daftari."

Nikamweleza safari zangu zote: majalada, wasimamizi watatu, mgeni wa usharika, Württemberg. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjerumani, Mjerumani. Na mama yako naye aliniuliza habari za Mjerumani. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza habari za bibi yangu."

Niliinamisha kichwa kama yule mtoto wa darasa la sita. Ni kweli. Katika daftari langu, pale palipotakiwa jina la mama yake bibi, nilikuwa nimeacha nafasi, na nafasi ile haikunisumbua hata kidogo.

Mama mkubwa alimfahamu bibi yake hadi alipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, na aliyoniambia aliyasikia kinywani mwake. Njaa ilipozidi, mjomba wake alimchukua, akiwa binti wa kiasi cha miaka kumi na sita, akampeleka shambani kwa Wazungu, ambako kulikuwa na mchele ulioletwa kutoka pwani. Akamweka rehani. Jambo hilo halikuwa geni. Katika njaa za zamani watu wa huku kwetu waliwahi kuweka jamaa zao rehani ili wengine waliobaki wapate kula, kwa ahadi kwamba mavuno yakija watakombolewa.

"Kwa kiasi gani?" nikauliza. Mwalimu hupenda tarakimu.

"Gunia moja na nusu. Bibi yangu aliikumbuka hata hiyo nusu."

Mavuno yakaja, mjomba hakuja. Binti akawa jikoni mwa Bwana Shamba, na baada ya muda akazaa mtoto wa kike mwenye macho ya kijivu. Nikauliza kama alikuwa akipigwa. Mama mkubwa akasema hapana, hakupigwa. Alipewa chumvi na kaniki. Mtoto alipoanza kutembea, baba yake alimchongea ng'ombe wa mti. Nikafurahi kusikia hivyo, nikauliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu nilipotoka nyumbani: "Je, mama mkubwa, alimpenda?"

Akaacha kuchambua maharage. "Alikuwa rehani, mwanangu. Nitajuaje?"

Sikuweza kuandika kitu kwa muda. Nilichokuwa nimekitafuta miaka minne kilikuwa hadithi ya mtu aliyesafiri. Nilipewa hadithi ya mtu aliyepelekwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Kahawa ya Usambara Mashariki haikudumu. Udongo ule uliofunikwa na msitu ulidhaniwa kuwa na rutuba kuu, kumbe msitu ukiondoka nguvu yake huoshwa na mvua, na bei nazo zilikuwa zimeanguka kwa sababu ya wingi wa kahawa ya Brazili. Mashamba mengi yakafa au yakageukia mazao mengine. Mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, Bwana Shamba aliteremka kwa miguu kwenda Muheza kupanda treni ya Tanga. Alisema atarudi. Mama mkubwa hakujua kama aliposema vile alidhamiria. Binti alingoja msimu mmoja, kisha akambeba mtoto mgongoni akarudi kwao. Mjomba alikataa kumpokea, akisema amerudi na aibu. Aliyempokea ni kaka yake, ambaye alimpa mtoto jina lake mwenyewe ili asiitwe mtoto wa mtu asiyekuwapo. Binti akafyeka shamba kando ya kijito. Shamba hilo ndilo tunalolilima hadi leo, na mbegu tatu kwa shimo moja alianza yeye.

Hapo nikaelewa kwa nini majalada hayakunisaidia. Serikali ile haikutaka wanawake kama yeye waandikwe. Mwaka 1906 ilizuia kabisa ndoa kati ya Wazungu na Waafrika katika nchi hii, kama ilivyofanya mwaka mmoja kabla huko Namibia. Mwanamke ambaye ndoa yake haiwezi kuandikwa, hata mtoto wake haandikwi kwa baba yake. Nilimkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844. Naye alipata mtoto kwa Mjerumani, mfanyabiashara wa Hamburg, lakini alifunga naye ndoa Aden mwaka 1867, akachukua jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Aliteseka, lakini alikuwa binti wa sultani na alijua kuandika, kwa hiyo tunamjua. Binti wa mkulima wa Usambara alijua kuhesabu hadi tatu kwa Kischwabe, na hicho ndicho kitabu alichotuachia.

Baadhi ya ndugu zangu hawakufurahi waliposikia nataka kuyaandika haya. Mmoja aliniambia, "Unatuvua nguo hadharani." Vijana wawili nao walitaka niendelee na yale majina matatu, wakitumaini kwamba damu ya Mjerumani inaweza kuwafungulia safari ya Ulaya. Niliwajibu wote jibu moja. Aibu katika habari hii ipo, lakini si yake. Ni ya aliyempeleka, ya aliyempokea kama mali, na ya sisi tuliosema "damu ya Kiarabu" kwa zaidi ya miaka themanini. Yule kijana wa Württemberg bado namhurumia kwa umaskini wake. Lakini umaskini unaeleza kwa nini alikuja. Haumwondolei alilolifanya alipofika. Jina la mama yake bibi nimeliandika katika daftari, mahali pake. Hapa sikulitaja kwa kuwa ndugu hawajakubaliana, nami nimekubali kungoja. Yale majina matatu ya kigeni sikuyakata. Nimeyaacha pembezoni.

Lilibaki jambo moja. Yule mvulana wa mwaka 1976 sasa ni mzee mwenye wajukuu, ana duka la vifaa vya baiskeli mjini. Nilikwenda kumwona. Akanipa kiti, akaagiza chai, akaniamkia kwa heshima zote za mwanafunzi kwa mwalimu wake. Nikamwambia kwamba bibi yangu mimi pia alikuwa mtoto wa Mjerumani, kwamba siku ile nilijua, na kwamba nimekuja kumwomba radhi.

"Aa, mwalimu," akasema, "mambo ya utoto hayo. Mimi nilikwisha kusahau."

Tukanywa chai. Tukazungumza habari za watoto wetu na bei ya matairi. Nilipoaga, akanisindikiza mpaka barabarani, akacheka kidogo, kisha akasema, "'Basi leo yeye ndiye atakayetueleza kodi ya babu zetu ilikwenda wapi.'" Hakukosea hata neno moja.